Jicho la Gemu na Jicho la Kitabu

Alasiri moja nilimfuata mpwa wangu kwenye banda la gemu huko Kisauni, niko tayari kumvuta sikio hadi nyumbani. Ana miaka 11. Banda lenyewe ni la mabati, pangaboi moja, runinga tatu, na mbele ya kila runinga watoto wawili wamebanana kwenye benchi. Nilisimama nyuma yake muda mrefu asijue. Jasho lilimchuruzika hadi kidevuni, asilifute. Vidole gumba vilikuwa juu ya pedi iliyolika mpira, macho yakiruka kutoka kwa mwenye mpira hadi kwenye ramani ndogo chini ya skrini, kisha kwa beki anayepanda upande wa pili. Muuza achari alipita akinadi, kijana hakugeuka. Na huyu ndiye ambaye mwalimu wake analalamika kwamba hamalizi ukurasa mmoja bila kuinuka.

Sasa kama ule si umakini, ni nini?

Wapo wanaosema ni umakini hasa, na hawasemi hewani. Mwaka 2003 Shawn Green na Daphne Bavelier wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Wachezaji wa gemu za mapambano waliwapita wasiocheza katika kuona kitu kilichochomoza ghafla pembeni, na katika kunasa kitu cha pili kinachofuata cha kwanza kufumba na kufumbua. Pengine wenye macho mepesi ndio wanaovutwa na gemu tangu mwanzo? Watafiti waliliwazia hilo. Walichukua watu wasiocheza, kundi moja wakalipa gemu ya vita saa moja kwa siku kwa siku 10, kundi jingine wakalipa Tetris, gemu ya kupanga vitofali vinavyoanguka. Wa gemu ya vita ndio walioimarika zaidi.

Mwaka 2013, katika jarida hilohilo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco waliwafunza watu wa miaka 60 hadi 85 kwa gemu iitwayo NeuroRacer: unaendesha gari, na papo hapo unavizia alama fulani itokee. Wakapata nafuu hata katika kushikilia umakini kwa muda. Na Juni 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu EndeavorRx, gemu anayoandikiwa mtoto na daktari, kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye ADHD, yaani tatizo la kutotulia na kukosa umakini.

Nayakubali hayo. Ila gemu mbili za mwisho zilitengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, hazipatikani bandani. Ile ya kwanza ni ya bunduki, ambayo wazazi wengi wa hapa Mombasa hawataki hata kuisikia. Mpwa wangu anacheza mpira. Sifa ya gemu moja haibandikwi kwenye nyingine kwa sababu tu zote zinatumia pedi. Wakosoaji nao wana hoja: anayeitwa maabara kwa kuwa ni bingwa wa gemu huenda akajikaza zaidi ya mwenzake.

Na gemu inalifunza jicho kuwinda kinachobadilika. Ukurasa wa kitabu haubadiliki. Hauna kengele wala bao la dakika ya mwisho. Ni wewe unayeufuata.

Upande wa pili nao una hesabu zake. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi kwa miezi 13. Waliozidisha runinga na gemu walionekana zaidi kuwa na matatizo ya umakini darasani, hata baada ya kuzingatia hali yao ya mwanzo. Haki isemwe: runinga nayo ilikutwa na lawama ileile, na nyumba ngapi huku kwetu zinaizima? Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini hapo anazungumziwa mtu ambaye gemu imemshinda na kumvurugia maisha, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Si kila mtoto aliyechelewa chuoni, yaani madrasa.

Nawafikiria wazee wanaocheza bao barazani Mji wa Kale. Mashimo 32, kete 64, na mtu ameshika kete mkononi, kimya, anahesabu zitakapoishia kabla hajatawanya ya kwanza. Kwenye bao mkono unaingoja fikira. Bandani mkono lazima utangulie, ukingoja umefungwa. Vyote viwili ni umakini, na mtoto anavihitaji vyote. Tatizo ninaloliona Kisauni ni kwamba cha haraka kina banda kila kona, na cha taratibu hakina hata kiti.

Kwa hiyo siku ile sikumvuta sikio. Nilingoja mechi iishe, tukarudi pamoja, tukapatana: mechi mbili, baada ya chuo wala si kabla, na jioni kitabu barazani pamoja nami, simu zote ndani. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Mjomba, nusu ya kwanza ni dakika ngapi?"

Nikamwambia kumi.