Faini kwa mama aliyezalia nyumbani

Vijiji kadhaa nchini Tanzania vina sheria ndogo inayomtoza faini mama anayejifungulia nyumbani. Kiasi hutofautiana, na mahali pengine mkunga wa jadi aliyempokea mtoto naye hulipa. Ukiwa mjini utaona ni uonevu mtupu. Lakini wanaoitetea wana hoja, na hoja yao nzito wala haihusu hela.

Katika nyumba nyingi, mwenye mimba siye anayeamua atazalia wapi. Mume ndiye mwenye nauli, mama mkwe ndiye mwenye kauli: yeye alizaa saba humohumo chumbani, huyu ana nini? Mkamwana hana ubavu wa kubishana. Akisema "tutapigwa faini", mambo yanageuka, maana sasa mfuko unaoguswa ni wa mume. Kwa njia hiyo faini inampa mwanamke neno la kusema ndani ya nyumba yake.

Je, imesaidia? Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta asilimia 63 ya uzazi ikifanyika kwenye vituo vya huduma. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 81. Huwezi kutenganisha mchango wa faini na ule wa zahanati mpya au bodaboda. Mimi naamini zahanati iliyosogea karibu imefanya kazi kubwa kuliko mgambo wa kijiji.

Sasa geuza upande. Uchungu hauna miadi. Unaanza saa nane usiku, masika, mto umejaa, na mama anajifungulia njiani akiwa na beseni na kanga zake mkononi. Naye atahesabiwa mkosaji? Pengine huambiwa alipe kwanza ndipo mtoto apewe kadi ya kliniki. Asiye na hela anabaki nyumbani. Mtoto anachelewa chanjo, na mama anakosa kuangaliwa katika siku zilezile ambazo kutokwa damu na homa ya uzazi huua. Hapo sheria iliyotungwa kumleta kituoni inamfukuza.

Tena kufika si kupona. Vifo vya uzazi, kwa tafiti hizohizo, vilishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Shirika la Afya Duniani lilikadiria 238 kwa mwaka 2020. Tofauti hiyo isimshtue mtu: utafiti wa kaya huwauliza watu habari za dada zao waliofariki, na njia hiyo huacha nafasi kubwa ya makosa. Kwamba vimepungua sina shaka. Kwamba vimepungua kwa kasi hiyo, nasita.

Anayevuja damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa ndani ya saa mbili. Zahanati haina damu ya kumwongezea wala chumba cha upasuaji, na oksitosini, dawa ya sindano ya kuzuia uvujaji huo, isipotunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 hupungua nguvu. Ndiyo maana naupa uzito m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na waliojifungua: unapiga 115 bure, na gari la wagonjwa likikosekana anatumwa dereva wa jamii, naye analipwa na mpango. Pia utafiti uliotolewa 2023, uliohusisha hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha kuwa kupima damu kwa mfuko maalumu uliowekwa chini ya mzazi na kumpa tiba zote kwa pamoja kulipunguza matatizo makubwa ya uvujaji kwa asilimia 60. Hakuna faini inayoweza kufanya hivyo.

Kwangu mimi, kijiji kikiona lazima ibaki, basi ikusanywe na ofisi ya kijiji, mbali kabisa na meza ya muuguzi, isiguse kadi ya mtoto, na aliyezalia njiani asamehewe bila barua tatu za mashahidi. Anayeishi mbali anahitaji nyumba ya mama ngojea, akae karibu na kituo wiki zake za mwisho. Nyingi ya nyumba hizo humtaka aje na chakula chake na ndugu wa kumpikia, wakati nyumbani kaacha watoto na shamba. Fedha za faini zingeanza kununua unga na maharage ya hapo.