Nondo ya Jointi Lazima Iteleze

Kuna siku saitini, tukijenga barabara ya zege, tuliishiwa vyuma vya jointi, vile vinavyolazwa kwenye maungio ya slabu, yaani vipande vya zege vya barabara. Zege liko njiani, lori lishapiga simu, na fundi mmoja mzoefu akachukua nondo za kawaida zenye mbavu, akazikata na kuzipanga. "Hizi ndizo zinashika vizuri zaidi," akasema. Nilikuwa mgeni wa kazi, nikanyamaza. Bado inaniuma.

Maana chuma kile hakitakiwi kushika. Slabu ya mita 5, joto lake likipanda nyuzi 20, hurefuka kama milimita 1, na usiku hurudi. Chuma cha jointi ni laini, cha mviringo, mara nyingi unene wa milimita 32 na urefu wa 450, kimoja kila baada ya milimita 300, kimelala katikati ya kina cha zege na kupakwa grisi ili slabu iteleze juu yake. Kazi yake ni kupokezana mzigo: gurudumu la lori likifika ukingoni, slabu ya pili inaanza kubeba kabla halijavuka. Wamarekani walikuwa wakiviweka tangu 1917, kwenye barabara karibu na Newport News, Virginia.

Visipokuwepo, ukingo unabonyea peke yake. Mvua ikinyesha, maji ya chini yanarushwa nje pamoja na udongo laini, uwazi unabaki, slabu moja inashuka. Ndiyo ile kdu-kdu unayoisikia ukiwa ndani ya gari.

Nondo zenye mbavu zina mahali pake: jointi ya urefu, kati ya njia na njia, ambako tunataka slabu zisiachane. Tukizichanganya, jointi inajifunga. Pale kwetu, kabla ya mwaka kuisha, ufa ulitokea hatua moja kutoka kwenye mstari wa jointi tuliokata kwa msumeno, ukaenda sambamba nao hadi ukingoni. Zege lilijitafutia jointi yake lenyewe.

Chuma laini kilichokaa upande kinafunga vilevile. Ndiyo maana nashikilia kwamba zege lisimwagwe mpaka msimamizi apige magoti, apime kila chuma kwa kamba na kupitisha kidole aone grisi. Mimi sasa nafanya hivyo, na lori likipiga honi, lisubiri.