Kila Kiatu Humo Kilikuwa cha Mtu

Shoga yangu anaamini kwamba mitumba hununuliwa siku ya mvua. Ukimsikiliza utaona ana akili: wateja wachache, wauzaji wamechoka kufunika na kufunua, na mtu ambaye tangu asubuhi hajaungishwa hana nguvu ya kukutajia bei ya kiburi. Anachosahau kukitaja ni tope.

Basi tukaenda, rasharasha zinaanza, mimi nimeshika mwavuli, yeye ameshika mkoba mkubwa wa kubebea ushindi.

Sokoni huyu mtu si mnunuzi, ni mkaguzi. Blauzi anaigeuza ndani nje, anafuata mishono kwa kidole, ananusa makwapa bila haya mbele za watu. Zipu anaipandisha na kuishusha mpaka unaanza kuihurumia. Sweta analiinua kwenye mwanga kutafuta matundu ya nondo. Na anachokipenda ndicho anachokiponda kuliko vyote. Ukimsikia anakisifia kitu mbele ya mwenye mali, ujue hakitaki.

Tukafika kwa muuza viatu. Ametandaza turubai chini, juu yake viatu vimepangwa kimoja kimoja, wenzao wako kwenye gunia nyuma yake. Watakwambia ni kwa sababu ya nafasi. Nafasi gani! Nani ataiba kiatu cha kushoto peke yake?

Macho ya shoga yangu yakatua kwenye buti moja la kahawia, soli nene nyepesi, linang'aa. Akalitazama kwa dharau, dalili kwamba ameshapenda.

“Hili limepauka.”

“Dada yangu, hilo halijawahi kukanyaga ardhi. Limetoka kwenye boksi lake. Vaa, uone.”

Akavua kiatu chake cha kushoto akakiweka hapo hapo pembeni ya turubai. Nikieleze kiatu chenyewe, maana kitakuja kuwa na umaarufu: cheusi, cha ngozi, kisigino kimelika upande mmoja, kamba yake ilikatika zamani ikaungwa kwa fundo, na hilo fundo huwa linagoma kupita kwenye tundu. Akaingiza mguu kwenye buti, akalitoa aangalie ndani, na hapo ndipo mbingu zilipofunguka.

Kama hujawahi kuona wauza mitumba wakikimbizana na mvua, hujaona kasi. Kufumba na kufumbua kaka ameshika ncha nne za turubai, amezikutanisha, amefunga furushi, na amelikalia.

“Kaka! Kiatu changu kimo humo!”

“Kipi?”

“Cheusi!”

“Dada, vyeusi ni vingi.”

“Nakwambia ni changu mimi!”

“Kila kiatu humo kilikuwa cha mtu.”

Nilicheka mpaka nikashindwa kushika mwavuli. Mvua ilikuwa imemkuta katikati ya kiatu na kiatu: kulia amevaa, kushoto soksi. Tukajibanza chini ya kibanda cha jirani, yeye amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, mkono wake umening'inia begani kwangu kwa uzito wake wote. Juu yetu turubai la kibanda lilikuwa limeota kitambi cha maji. Mwenye kibanda, kwa nia njema kabisa, akachukua mti wa fagio akakisukuma kile kitambi kutoka chini. Maji yote yakachagua upande wetu.

Mvua ilipopungua, furushi likafunguliwa. Viatu vilikuwa vimechanganyika, na kabla hatujafika, mama mmoja mwenye koti la mvua alikuwa ameshainama na kuokota kiatu. Cheusi. Chenye fundo.

“Hiki nacho ni cha kuuza?” akauliza, anakigeuza geuza. “Kisigino kimekwisha. Na kamba imeungwa, Mungu wangu. Aliyekivaa hiki alikuwa anatembea kombo.”

Nilimwona shoga yangu akivuta pumzi. Huyu ndiye mtu aliyeponda viatu vya soko zima kwa miaka, lakini leo kimepondwa cha kwake.

“Samahani mama, hicho ni ngozi tupu! Bonyeza hapo. Unaona mikunjo ilivyo laini? Plastiki haikunjiki hivyo, inapasuka. Na soli imeshonwa, angalia uzi pembeni, haikubandikwa kwa gundi. Kisigino fundi anabadilisha nusu saa. Nimekanyaga madimbwi nacho misimu yote, soksi haijawahi kulowa!”

Kimya kikapita. Mama akabonyeza. Akafuata uzi kwa kidole. Halafu akauliza kwa upole:

“Mwenzake yuko wapi?”

“Mguuni kwangu.”

“Vua basi nijaribu.”

Mimi nilidhani atakataa. Lakini mama akataja bei, na shoga yangu kuisikia bila yeye kuitaja, damu ya biashara ikamchemka. Wakavutana kidogo, wakaelewana. Kaka naye akadai chake, eti mauzo yamefanyika juu ya turubai lake, na huwezi kumlaumu. Ikaishia kwamba fedha ya viatu vya zamani inakwenda moja kwa moja kwenye mabuti, shoga yangu anaongeza kiasi kidogo, na kila mtu aliondoka akiamini amewaibia wengine wawili.

Njiani alikuwa haongei bali anahubiri. Kwamba mimi sina jicho. Kwamba biashara ni ulimi. Anakanyaga madimbwi makusudi kunionyesha. Kisha nikaona nyuma yake, kwenye tope, kipande cheusi. Mbele kidogo kingine.

“Shoga, unadondosha kitu.”

Alikuwa anadondosha soli. Soli zile nyepesi zinazobonyea mara nyingi ni za poliyurethani, aina ya plastiki, na adui wa poliyurethani ni unyevu, hata ule wa hewani. Kiatu kinaweza kukaa miaka ndani ya boksi, juu king'ae kama siku kilipotoka kiwandani, huku soli inaoza ndani kwa ndani, inamsubiri tu mtu wa kwanza kuisimamia. Hakuna cha gundi hapo, hata fundi hana pa kushika: inameguka vipande vipande. Kwa hiyo kaka wa watu hakusema uongo hata kidogo. Mabuti yalikuwa hayajawahi kukanyaga ardhi.

Hatua chache baadaye shoga yangu alikuwa amevaa ngozi ya juu tu, chini vidole vinatafuta njia vyenyewe. Nikampa mwavuli, sikuwa na msaada mwingine, na kusema kweli nilihitaji mikono yote miwili kujishikilia mbavu.

Ndipo nyuma yetu tukasikia mtu anakuja kwa mwendo wa kujiamini, chwa, chwa, katikati ya dimbwi kabisa. Yule mama. Akatupita, akageuka, akamwinulia shoga yangu mguu mmoja juu, fundo linaonekana.

“Mwanangu, ulisema kweli! Soksi kavu!”