Hotpoti ya Mgonjwa

Mwezi uliopita tulikuwa kwetu Tanga kwenye hitima ya bibi. Pilau imeiva, kachumbari ipo, soda baridi. Baba, ambaye ana kisukari, kakaa jamvini na wazee wenzake. Shangazi akaja na hotpoti ndogo ya bluu, akaitua mbele yake na kutangaza kwa sauti ya mpiga debe: "Hii ya mgonjwa!" Ndani, ugali wa dona na mchicha wa kuchemsha, bila chumvi, bila nyanya, bila huruma.

Baba hakusema kitu. Akala matonge mawili, akanawa.

Usiku wa manane mama akamkuta jikoni gizani, kaikumbatia sufuria ya pilau. Asubuhi kipimo cha sukari kikasoma 16.8, juu mno, kabla hata ya chai. Hapo ndipo ukoo mzima ulipopata sauti. "Baba hasikii." "Anatutia presha huyu." Hasikii nani, jamani? Mtu mmemtenga mbele za watu kama ana ukoma, halafu mnashangaa kala kwa wizi?

Angewekewa sahani moja ya pilau ya kipimo, kachumbari nyingi, nyama, na maji badala ya soda, angekula na wenzake yakaisha. Chakula cha mwenye kisukari si adhabu. Ni maharage, samaki wa kuchoma, bamia, mlenda, mchicha wenye nazi kidogo, na ugali usiozidi ngumi. Kipi hapo kinawashinda ninyi wazima? Tena wazima gani! Kisukari cha ukubwani hutembea kwenye ukoo. Sisi watoto wake tuko kwenye foleni, na tunaisogeza kwa soda ya kila mlo huku tukimchungulia mzee sahani yake.

Haya, nakubali, shingo upande: baba ni mbishi, na vidonge haumezi ukoo, anameza yeye. Na dona si dawa. Ukijenga mlima wa dona, sukari inapanda vilevile.

Stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari, ni ghali. Mkichanga hela za stripu mtakuwa mmesaidia kuliko hizo video za majani ya mstafeli mnazomtumia alfajiri.

Na kujua ni msaada pia. Mwaka jana baba alimeza kidonge chake cha kushusha sukari, glibenklamaidi, akasahau kula. Jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, akaanza kumwita mama kwa jina la dada yake. Mama kashika kikombe cha maji ya sukari, shangazi kamshika mkono: "Unataka kumuua? Huyu ana sukari!" Aliyemwokoa ni mjukuu wa miaka 11, ambaye humsindikiza kliniki. "Bibi, imeshuka hiyo, haijapanda!" Akakichukua kikombe na kumnywesha babu yake kidogo kidogo. Robo saa haijaisha vizuri, baba anauliza nani kafiwa.

Mtoto huyo hajawahi kumtangazia babu yake hotpoti.

Tuliporudi Dar nikamwambia mama, kwetu sasa chungu kimoja. Hotpoti ya bluu inawekwa vibanio vya nguo. Baba anakula tunachokula, anagombea mkia wa samaki kama zamani, na wiki iliyopita asubuhi kapima 8.1. Bado iko juu, lakini kacheka. Shida imehamia kwa kaka yangu. Kila jioni anatoka "kununua vocha", anarudi ananuka chipsi.