Presha Haisubiri Gari la Dawa

Hivi jamani, nani aliwaambia presha inakwenda likizo? Maana huku mgombani, juu ya Moshi, dirisha la dawa lina jibu moja tu: "Dawa hamna, kanunue nje." Nje! Nje ya zahanati kuna migomba, mbuzi kafungwa kamba, na kibao kinachokataza kutupa taka. Nje inayouza amlodipine, hiyo dawa ya presha, iko mjini, na kifodi hakiondoki mpaka abiria wa mwisho akae nusu tako.

Uliza itakuja lini, utaambiwa gari halijaja. Na kweli halijaja, ila kutokuja kwake kuna utaratibu. Zahanati haipigi simu ikaletewa mzigo kama soda. Inajaza ripoti na maombi: kilichotumika, kilichobaki, siku ambazo dawa haikuwepo. Karatasi inapita wilayani, inafika Bohari ya Dawa, ambayo kwa kanda yetu iko hapa hapa Moshi. Sasa utamu ni huu: kiasi cha kuagiza kinapigiwa hesabu kwa matumizi yaliyopita. Dawa ikikosekana mwezi mzima, halafu zile siku za ukame zisijazwe, hesabu inaonyesha kijiji hakina mgonjwa wa presha. Tumepona wote! Mzigo unaofuata unakuja kiduchu, unaisha upesi, na karatasi inazidi kututangaza wazima.

Bohari ikikosa, kituo kinaweza kununua kwa mshitiri, yule muuzaji aliyeidhinishwa kwa mkoa. Sawa. Lakini mpaka maombi yapite, saini zitimie, na mwenye saini arudi kutoka semina, wewe kisogo kinagonga tu.

Na hata ikija, haiji yote kwako. Umeandikiwa 1x1, kidonge kimoja kwa siku, vidonge 30, yaani stripu 3. Unapewa moja: "Babu, tugawane na wenzako." Hapo mzee anashika kisu cha kumenyea ndizi, anapasua vidonge ili mwezi ufike. Mzee wangu, presha haijui bajeti yako, nusu dozi ni nusu dozi. Na kama ni nifedipine retard ya 20 mg, weka kisu chini kabisa: imetengenezwa itoke polepole, ukiipasua inamwagika kwa mkupuo, presha inaporomoka, unaona nyota saa sita mchana. Atenolol nayo haiachwi ghafla, maana moyo ulioizoea unaanza kutimua mbio bila kuaga. Rudi kwa daktari (huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari) akuandikie nyingine inayopatikana. Cheti kinabadilishwa kwa kalamu, siyo kwa kisu.

Duka la dawa muhimu pale njia panda? Lina panadol, lina mseto, lina ORS. Lakini si kila dawa imo kwenye orodha yake, na muuzaji akikwambia "hiyo nenda famasi," usimnunie. Mnunie anayekutolea chini ya meza bila kuona cheti.

Basi unamwagiza kijana aliyeko mjini: "Niletee ile nyeupe ya duara." Mwanangu, nyeupe za duara ni nusu ya famasi! Taja jina la dawa na miligramu, siyo rangi, siyo jina la kampuni lililo kwenye boksi, maana kampuni ikibadilika rangi nayo inabadilika, na bibi anameza ya zamani na mpya pamoja akidhani ni dawa mbili. Mtumie picha ya stripu. Losartan na losartan H siyo za kubadilishana: hiyo ya H ina dawa ya kukojosha ndani yake, utashinda unakimbilia chooni ukimtafuta mchawi. Wakikosa amlodipine ya 10 mg wakakupa za 5 mg, unameza mbili, na waandike kwenye bahasha. Siku zile za 10 zikirudi, rudi kwenye moja, maana mkono ushazoea mbili. Na stripu ikikatwa, dai upande wenye tarehe ya kuisha muda. Upande huo ndio wanaoukata kwanza, sijui wanaupeleka wapi.

Mzigo anapewa kondakta. Kondakta anauweka wapi? Mbele, kwenye dashibodi, jua la saa saba. Kwa insulini, ile sindano ya wagonjwa wa sukari, hiyo ni kesi. Ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8: iweke kwenye chupa ya chai yenye barafu, lakini ifungwe kitambaa isigusane na barafu, kwa sababu ikiganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Mwenye bima, kama umepewa fomu ya kuchukulia dawa, hakikisha ina muhuri kabla hujapanda gari. Muhuri hautumwi kwa simu.

Kwa hiyo anza kuhangaika ukibakiwa na stripu nzima, siyo kidonge kimoja. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, ziwe mbili, kwa sababu utelezi ukianza bodaboda anakuacha chini na dawa inapanda mlima kwa miguu yako. Ila hiyo akiba usimwonyeshe mtu. Jioni utasikia hodi: "Shikamoo babu. Mama kasema kama una kale kavidonge keupe ka duara, umwazime vitano tu, gari likija atarudisha."