Aliyetoa Notisi Akiachiwa Mapema, Alipwe Siku Zake Zote

Sisi tuliotoka Kigoma tukaja kutafuta maisha Marekani tumezoea kusifu kila cha huku, lakini katika suala la notisi ya kuacha kazi ninaamini sheria ya nyumbani inamheshimu mfanyakazi zaidi, na inaniuma kuona baadhi ya waajiri wa kwetu wakifanya kana kwamba haipo.

Huku, katika majimbo yote isipokuwa Montana, kwa kawaida ajira isiyo na mkataba maalumu inaweza kuvunjwa wakati wowote na upande wowote. Notisi ya wiki mbili ni desturi tu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 inayosimamia ujira na saa za kazi haimlazimishi yeyote kuitoa. Basi mtu huandika barua kwa uungwana ili apate muda wa kumwelekeza atakayeshika nafasi yake, naye msimamizi humtaka akabidhi kitambulisho siku hiyohiyo, na malipo huishia hapo. Katika ghala ninakofanya kazi, jambo hilo lilimpata mwenzangu mwenye watoto ambaye alitegemea ujira wa wiki hizo kulipia kodi ya nyumba. Waliomwona akitolewa walijifunza kuondoka bila kuaga, na sioni kwa nini walaumiwe.

Kwetu, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataka notisi ya maandishi, yenye sababu na tarehe, isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wake wa kwanza kazini. Mwajiri asiyetaka kumpa mtu notisi anaweza kumlipa ujira wa kipindi hicho badala yake. Mfanyakazi naye akikataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kumkata fedha hizo katika stahiki zake. Hapo ndipo msimamo wangu unaposimama: ikiwa anayekataa kazi hukatwa, basi mwajiri anayemkataa mtu aliye tayari kufanya kazi hadi siku ya mwisho hana haki ya kubaki na ujira wake.

Ndugu yangu aliyekuwa karani wa duka la jumla pale Mwanga, Kigoma mjini, alipeleka barua ya siku 28, akaambiwa kesho asije, kisha akalipwa siku alizofanya kazi peke yake. Sababu aliyopewa ni kwamba karani anayeondoka anaweza kuchukua wateja au kuvuruga hesabu. Hofu hiyo ninaielewa, na mwenye duka ana uhuru wa kufanya makabidhiano mapema na kumzuia asikaribie daftari la mauzo, lakini gharama ya hofu yake ailipe mwenyewe, pamoja na siku za likizo ambazo karani hakuzichukua.

Wanaofanya kazi Kigoma na Tabora waandike barua zenye tarehe, wasainiwe nakala, na wakiachiwa mapema waombe agizo hilo kwa maandishi. Madai ya malipo ya namna hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha kuamua migogoro ya kazi, ndani ya siku 60, na asiye na nakala hupata shida kubwa kuthibitisha kwamba aliaga.