Eti "hatujaona kosa"

Jamani, hii ya kuripoti akaunti za matusi imenichosha. Kuna dada anauza mitumba pale Memorial, Moshi, na picha za mzigo anaweka mtandaoni. Mtu kafungua akaunti, jina lake ni tusi la mama, tena kaliandika kijanja: 0 badala ya o, 3 badala ya e. Kila nguo mpya ikipanda, huyo hapo chini. Wateja wanaliona hilo jina kabla ya bei.

Tukaripoti. Unachagulishwa: ni utapeli? ni taka? Pa kusema jina lenyewe ndilo tusi hupaoni. Jibu linarudi chapchap, "hatujaona kosa." Mtaonaje, na anayekagua huenda ni mashine isiyojua Kiswahili? Angetukana Kichaga ndio kabisa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 tunayo, kifungu cha 23 cha unyanyasaji mtandaoni: faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3. Sasa umshtaki nani, tarakimu?

Na nyie wa "si umbloku tu": akimbloku yeye, kwenye mitandao mingine wateja wake bado wanaweza kulisoma.